Nguzo Yenye Ngata: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Sanamu ya Nguzo ya Kigiriki kwa Gunia, Mianzi na Saruji

Wengi waliojaribu kazi hii, yaani kuifanya nguzo ya Kigiriki izungumzie ugumu wa maisha, wameishia na nguzo ya ukumbi wa harusi. Nyeupe, nene, ina pete chini na pete juu, na mifereji yake imetokeza nje kama mabomba badala ya kuingia ndani. Kisha, ili ionekane inauzungumzia ugumu huo, imebandikwa sarafu au imeandikwa NJAA kwa rangi nyekundu. Baada ya wiki mbili inapasuka.

Nimeziona za namna hiyo nyingi mno, na nimechoka kueleza kwa mmojammoja. Huu hapa mwongozo wa kazi nzima, toka ubao wa chini hadi siku ya kuisimamisha.

## Utakachotengeneza

Ni nguzo ya mtindo wa Kidoriki, ule ulio mkavu kuliko mitindo yote ya Kigiriki, yenye kimo cha sentimita 165 pamoja na kichwa. Kimo hicho ni cha mtu mzima. Upana wake chini ni sentimita 30.

Sikubahatisha vipimo. Nguzo za Parthenon, hekalu la kale la Kigiriki pale Athens, zina urefu wa takribani mara 5.5 ya upana wao wa chini, na 30 ukizidisha kwa 5.5 unapata 165. Mifereji ni 20, kama kule kule.

Nguzo ya Kidoriki ni mwili. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, aliandika kwamba ilipimwa kwa mwanamume, ambaye unyayo wake ni sehemu moja ya sita ya kimo chake. Ina kiwiliwili. Kingo za mifereji yake ni mbavu. Juu ina sehemu mbili: kitu cha mviringo kilichobonyea kama mto, kiitwacho ekino, na juu yake kibao cha mraba kiitwacho abako, kinachopokea mzigo wa paa.

Mara ya kwanza kuitazama ekino vizuri nilicheka peke yangu. Ni ngata ile ile anayojitwika mchukuzi wa Kariakoo kabla ya kuwekewa gunia kichwani.

Kwa hiyo hatuongezi kitu chochote kwenye nguzo hii. Tunafuata kanuni zake zote isipokuwa mbili. Ya kwanza ni uvimbe: Wagiriki waliifanya nguzo ivimbe kidogo sana katikati, chini ya sentimita 2 katika nguzo ya Parthenon yenye urefu unaozidi mita 10, nayo ikaonekana kama msuli unaobeba. Sisi tutaibonyeza ndani kwa kiasi hicho hicho. Ya pili ni abako: hatuiweki. Inabaki ngata isiyo na mzigo, na kila aliyewahi kukaa sokoni kutwa akingoja kazi anaijua maana ya ngata isiyo na mzigo.

Utashawishika kuvunja ya tatu. Mimi nilitamani sana kuacha nondo zimechomoza juu, kama nyumba zetu zinazosimama ujenzi hela zikikata. Wazo lenyewe ni zuri, ila ni la sanamu nyingine. Ukizitia zote mbili, mtazamaji hatajua aangalie wapi.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujaanza. Saruji ikishachanganywa haikusubiri ukatafute waya.

- Saruji kilo 25. Duka likikataa kuuza nusu mfuko, shirikianeni wawili.
- Mchanga laini ndoo 2, uliochekechwa kwa chekecheo la unga. Mchanga wa baharini usiutumie, chumvi yake italisha kutu nyaya zako.
- Kokoto ndogo, ndoo moja isiyojaa.
- Nondo moja ya milimita 12, urefu sentimita 155. Waombe wakukatie dukani.
- Plaiwudi ya milimita 18: kipande cha sentimita 70 kwa 70, na kingine cha kukatia maduara 4.
- Boliti 4 za urefu wa sentimita 12, na nati zake.
- Beseni au ndoo ya kuukuu ya lita 8 hivi, yenye mdomo usiozidi sentimita 24.
- Wavu wa kuku wenye matundu madogo, mita 2.
- Waya wa kufungia nondo, kilo 1.
- Fito za mianzi iliyopasuliwa, 24. Zinahitajika 20, nne ni za kuvunjika. Upana sentimita 1, unene sentimita 1.5, urefu sentimita 150.
- Magunia 3 ya katani au juti.
- Khanga za zamani za pamba, doti moja.
- Chupa moja ya soda, ya kioo.
- Praizi, msumeno, misumari midogo yenye umbo la U, brashi ya rangi ya inchi 2, karatasi kubwa ya nailoni.
- Glovu za mpira na kitambaa cha pua.

Maonyo mawili juu ya magunia, maana hapa ndipo wengi wanapofia.

Kwanza, viroba na sandarusi havifai. Ni plastiki, saruji haivishiki, na gamba litabanduka lote kama ngozi ya nyoka. Najua kiroba hupatikana bure na gunia la katani siku hizi linatafutwa kwa tochi. Litafute.

Pili, yafue. Sukari huizuia saruji isigande, hata ikiwa kidogo. Nguzo yangu ya kwanza niliivika gunia lililowahi kubebea sukari guru, na siku ya tatu bado lilikuwa tope, nikalivua kwa mikono. Loweka usiku kucha, badilisha maji mara 2, suuza, anika. Gunia lenye harufu ya mafuta liache kabisa.

Khanga nazo zifuliwe, wanga wote utoke.

## Hatua ya 1: Katazame, kisha uchore

Usianze kwa picha za simu. Picha zinakuonyesha mbele tu, na nguzo huzungukwa.

Kama uko Nairobi una bahati: simama mbele ya Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, au jengo la Nyaraka za Taifa, ambalo lilianza maisha yake kama benki. Kwingineko nenda kwa mafundi wa kando ya barabara wanaouza nguzo za zege za kupambia varanda. Ninaposema utazame, namaanisha uweke kiganja na ukizungushe. Angalia jinsi nguzo inavyopungua kuelekea juu, na kivuli kinavyokaa.

Kisha chora kwenye karatasi ndefu, kwa ukubwa halisi, mistari miwili: nguzo iliyonyooka na ya kwako. Upana wa nje wa nguzo yako ni huu:

- Chini kabisa: sentimita 30
- Urefu wa sentimita 55: sentimita 28
- Urefu wa sentimita 110: sentimita 22
- Juu, sentimita 150: sentimita 24

Nguzo iliyonyooka, pale kwenye sentimita 110, ingekuwa na upana wa kama 25.6. Yetu imepungua takribani sentimita 2 kila upande. Nimekiweka kiuno juu ya katikati kwa makusudi, kwa sababu kikiwa katikati kabisa nguzo inageuka kinu au saa ya mchanga, na watu watasema nzuri.

Umefaulu ikiwa mtu akiutazama mchoro mara ya kwanza anasema ni nguzo, na mara ya pili anauliza mbona imekonda. Akisema imekonda mara ya kwanza, umezidisha. Rudisha kiuno hadi sentimita 23.

## Hatua ya 2: Mguu

Nguzo ya Kidoriki haina pete chini. Inasimama sakafuni moja kwa moja, kama mtu aliye pekupeku. Hilo linapendeza na linaleta taabu, maana nguzo yenye kimo cha mtu na unyayo wa sentimita 30 itaangushwa na mtoto wa miaka 6. Kwa hiyo uzito tunauficha ndani, na chini tunaweka ubao mpana utakaosomeka kama ngazi ya hekalu.

Kata maduara 4 ya plaiwudi. Vipimo vya maduara si vile vya nje! Fito zitaongeza sentimita 1.5 kila upande, kwa hiyo toa 3 kwenye kila upana: 27, 25, 19 na 21. Karibu kila nguzo nene niliyoletewa ilitokana na kusahau kutoa hizo 3.

Toboa tundu la milimita 14 katikati ya kila duara, isipokuwa la 27.

Weka duara la 27 katikati ya ubao wa 70 kwa 70, na ndoo juu ya duara. Toboa matundu 4 yanayopita vyote vitatu, pitisha boliti kutoka chini, kaza nati ndani ya ndoo. Vichwa vya boliti vizamishe kwenye ubao, la sivyo utayumba.

Sasa zege: kopo 1 la saruji, 2 za mchanga, 3 za kokoto, na maji kidogo, liwe kama ugali mlaini na si uji. Jaza nusu, simamisha nondo katikati, jaza iliyobaki huku ukigongagonga ndoo ili hewa itoke. Funga nondo kwa kamba tatu za kuivuta pande tatu, ipime kwa timazi, uiache siku 2. Kama huna timazi, jiwe kwenye uzi linatosha. Usiiguse kuangalia kama imeshika.

Umefaulu ikiwa baada ya siku 2 unaishika nondo juu, unaitikisa, na ubao wote unatikisika pamoja nayo. Nondo ikicheza ndani ya zege, vunja uanze upya. Hakuna dawa nyingine, na ni heri uvunje sasa kuliko ikiwa na kilo 70 juu yake.

## Hatua ya 3: Maduara na wavu

Kabla ya kuyapandisha maduara, yagawe sehemu 20. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye duara la 27, ukate pale unapokutana. Ukunje katikati, kisha katikati tena, upate robo nne. Kila robo igawe tano kwa rula. Urudishe kwenye duara na utie alama 20. Kwa maduara madogo, yaweke moja moja juu ya lile kubwa, vitovu vikutane, na uzifuate alama kwa rula kutoka kitovuni.

Zungusha waya wa kufungia kwenye nondo mahali pa kila duara, mizunguko 8 au 10 iliyobana, uwe kizuizi. Teremsha duara la 25 hadi sentimita 55, la 19 hadi sentimita 110, la 21 hadi sentimita 150. Kisha zungusha waya tena juu ya kila duara ili lisipande. Alama zote ziwe zimepangana toka juu hadi chini: funga uzi kwenye alama moja ya juu, uuvute hadi chini, uone kama unapita penyewe.

Vika wavu wa kuku, uubane kwa misumari ya U kwenye kingo za maduara. Unapofika kiunoni wavu utazidi. Usiukate, ukunje kama anavyokunja fundi cherehani, ushone kwa waya.

Glovu hapa si hiari. Ncha za wavu wa kuku hukata, na kidonda kikiingia saruji kesho yake utanikumbuka.

Umefaulu ikiwa wavu umekaza kama ngoma. Ubonyeze kwa kidole gumba: ukibonyea zaidi ya sentimita 1, shona tena, kwa sababu gunia likilowa saruji litauvuta ndani.

## Hatua ya 4: Mbavu

Loweka fito kwa saa chache zilainike. Anza kufunga kwenye duara la chini, ufito mmoja kwenye kila alama, waya ukipita ndani ya wavu na kurudi nje. Panda hadi duara la pili, funga. Sasa bonyeza ufito uingie kiunoni, funga kwenye duara la tatu, kisha uuachie utoke hadi la nne. Katikati ya maduara ufunge kwenye wavu kila baada ya sentimita 15.

Usifunge kwa kufuatana kuzunguka. Funga wa kwanza, kisha unaoelekeana nao upande wa pili, kisha robo, kisha robo ya pili. Ukifuatana, nguzo itajipinda kama kamba, na hutaona hadi ufike wa kumi na tano.

Vichwa vya waya vyote vikunjwe vilale bondeni, visitokeze juu ya ufito.

Ukimaliza, sogea nyuma hatua 10 na utazame. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na mara mbili nimejaribiwa kuiacha hivyo hivyo bila kuivika. Mbavu 20 zinaonekana, kiuno kinaonekana, na mwanga unapita katikati. Jua likishuka, sukuma taa upande mmoja usome kivuli ukutani. Kivuli hakidanganyi: ufito uliopinda utauona hapo kabla ya kuuona kwa jicho.

Umefaulu ikiwa unaweza kuteremsha kidole toka juu hadi chini kwenye kila bonde bila kukutana na waya. Mabonde yawe 20. Yahesabu. Nimewahi kuwa na 19.

## Hatua ya 5: Gunia

Mifereji ya Kigiriki huingia ndani, ikiacha ukingo mkali kati ya mmoja na mwingine. Wanaobandika mabomba au kamba nene juu ya nguzo wanapata kinyume chake, na hiyo kasoro hairekebishiki kwa rangi. Kwetu gunia litalala juu ya mbavu na kuzama katikati yake, kama ngozi ya mtu aliyekonda.

Kata vipande 20 vya upana wa sentimita 17 na urefu wa 85. Kila kipande kinafunika mabonde 2 na kubakiza cha kupandiana, na vipande viwili, kimoja juu ya kingine, vinafika urefu wa nguzo. Maungio yasikae usawa mmoja kuzunguka nguzo. Kipande kimoja kianze chini na urefu wote wa 85, jirani yake ukipunguze hadi 70, hivyo hivyo kwa kupokezana.

Lowesha vipande kwa maji safi, uvikamue. Gunia kavu hunywa maji ya saruji, na saruji iliyonyang'anywa maji inakuwa vumbi.

Changanya uji: kopo 2 za saruji kwa kopo 1 ya maji. Tia saruji kwenye maji, si maji kwenye saruji, koroga hadi mabonge yaishe. Uwe mzito wa kushika kwenye mwiko bila kuchuruzika wote. Changanya wa vipande 4 au 5 tu kwa wakati, maana ndani ya saa moja utaanza kukaza, na ukishakaza usiongeze maji kuufufua. Mwaga.

Zamisha kipande, ukande kama nguo, ukitoe, ukipitishe katikati ya vidole viwili kuondoa ziada. Kiegemeze juu ya mbavu tatu. Anza kukibonyeza katikati ya bonde kwa kidole hadi kiguse wavu, ndipo uende pembeni. Ukianza pembeni gunia litakazwa na halitafika ndani.

Sasa chupa ya soda. Chini kwenye mabonde mapana, viringisha tumbo la chupa kutoka chini kwenda juu. Ukikaribia kiuno mabonde yanasinyaa, geuza utumie shingo yake. Chupa moja inakupa miviringo miwili unayoihitaji. Ilowanishe kila mara isinate.

Kila ukimaliza bonde, bana ukingo wake kwa vidole viwili juu ya ufito ili uwe mkali.

Saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila kuuma, na ukija kuhisi ngozi imeshachubuka. Glovu muda wote. Ikikurukia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali.

Fanyeni wawili, mmoja azamishe na mwingine abandike. Peke yako utachukua siku nzima na uji utakaza ndooni.

Umefaulu ikiwa kesho yake ukigonga bonde kwa ukucha linatoa sauti kavu. Likitoa sauti ya nguo, gunia halijagusa wavu hapo. Chukua sindano ya magunia, lishone kwa waya mwembamba, paka uji juu. Funika yote kwa nailoni usiku, mvuke usitoroke.

## Hatua ya 6: Ngata

Hii ni kazi ya saa moja, ila ndiyo watu watakayoikumbuka, kwa hiyo usiifanye ukiwa umechoka.

Usichonge ngata. Usiifinyange kwa udongo. Isokote, kama inavyosokotwa. Kama hujui, muombe mama au shangazi akuonyeshe, na utazame mikono yake inavyofanya mwisho wa nguo: hauachwi ukining'inia, huingizwa chini ya mzunguko wa kwanza.

Chagua khanga zenye jina unalolitaka. Hakuna atakayelisoma, saruji italifunika. Mimi hulichagua hata hivyo.

Toboa duara la juu matundu 6 na upitishe nyaya zilizokunjwa, ncha zikitazama juu, ndizo zitakazoishika ngata. Zamisha khanga zote mbili kwenye uji mwepesi kidogo kuliko wa gunia, zikamue nusu, zisokote pamoja kuwa kamba moja nene, na uizungushe mara mbili juu ya duara. Upana wa nje ufike sentimita 28 hadi 30, upite kiwiliwili pande zote, kwa sababu ekino hupanuka kabla ya kupokea mzigo. Kimo chake kiwe kama sentimita 15. Ikikosa kimo, jaza ndani kwa vipande vya gunia lililobaki.

Kisha ibonyeze. Ngata iliyowahi kubeba haiwi duara kama maandazi, imelala upande mmoja zaidi ya mwingine. Weka kibao juu yake, kandamiza kwa mikono miwili, hesabu hadi 20, kiondoe. Alama hiyo ya kukandamizwa ndiyo inayosema kwamba mzigo uliwahi kuwepo.

Shimo la katikati lijaze zege laini hadi ncha ya nondo izame. Kama nguzo itakaa nje, acha kijifereji kidogo maji ya mvua yatoke, la sivyo utafuga mbu.

Umefaulu ikiwa mtu asiyejua habari za Ugiriki anaitaja kwa jina bila kuulizwa.

## Hatua ya 7: Kupaka

Siku inayofuata, changanya kopo 1 ya saruji na 2 za mchanga laini, maji kiasi cha kuweza kupakwa kwa brashi. Nyunyizia nguzo maji kwanza. Paka tabaka jembamba, milimita 3 hivi, ukipeleka brashi juu kwenda chini kwa kufuata bonde. Subiri saa 3 au 4, rudia mara moja. Tabaka moja nene litapasuka, mawili membamba hayapasuki.

Acha nyuzi za gunia zionekane hapa na pale, hasa kiunoni. Chini paka zaidi. Sisawazishi kote sawa, na wewe usisawazishe.

Rangi nyeupe hapana. Kuna mteja mmoja aliwahi kunisisitiza nipake, nikapaka, na siku ya ufunguzi wageni waliifunga riboni. Kijivu cha saruji ndicho kijivu cha nyumba zetu ambazo hazijamalizwa, nacho kinatosha.

## Hatua ya 8: Kuilea

Nyufa nyingi mnazozilalamikia hazikutokana na mchanganyiko. Zilitokana na haraka. Saruji haikauki ndipo iwe ngumu, inakuwa ngumu kwa kunywa maji. Ikianikwa juani siku ya kwanza itapauka, itaonekana imeiva, na itapasuka kiunoni, mahali penye mvutano mkubwa.

Iweke kivulini. Ivike magunia mabichi, kisha nailoni juu. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 mfululizo. Baada ya hapo ivue, iache ikauke taratibu. Usiihamishe kabla ya siku 14, na usiikabidhi kwa mtu kabla ya siku 28.

Nyufa nyembamba kama unywele zisikutishe, zipake uji mwepesi. Ufa unaoingia ukucha unamaanisha wavu ulilegea: fungua hapo, shona, funika upya.

Umefaulu ikiwa maji ukiyamwaga juu ya ngata yanateremka kwenye mabonde, kila bonde na mkondo wake, bila kuvuka ukingo.

## Kuisimamisha

Itakuwa na uzito wa kilo 60 hadi 80. Watu wanne, wakiinua kwa kushika ubao wa chini. Ukiishika ngata na kuivuta, utaing'oa.

Usiipandishe juu ya jukwaa. Kimo chake ni cha mtu, nayo ikutane na watu uso kwa uso. Ukiiinua inageuka mnara wa kumbukumbu, na mtu huinua macho, anapita. Ikiwa chini, mrefu anaichungulia ngata kwa juu na kuona pale ilipokandamizwa, na mfupi anabaki na mbavu.

Usiiweke katikati ya chumba peke yake pia. Nguzo iliyo katikati ni pambo. Iweke mahali ambapo nguzo ya kweli ingehitajika: chini ya boriti, kwenye kona ya varanda, karibu na mlango, huku ukiacha uwazi wa kama kiganja kimoja hadi viwili kati ya ngata na kilicho juu. Kama dari ni refu, tundika ubao au kipande cha mbao nzee kutoka juu hadi kifikie karibu, kifungwe imara kwenye dari, kisiguse. Uwazi huo upime vizuri. Ukiwa mdogo sana watu hudhani inabeba, ukiwa mkubwa hawaoni uhusiano. Mimi huishia kati ya sentimita 12 na 20.

Ubao wa chini ukaze kwa skrubu sakafuni kama mwenye nyumba anaruhusu. Asiporuhusu, weka mifuko miwili ya mchanga nyuma, na usikubali iwekwe mahali ambapo watoto hucheza.

Taa iwe moja, ya pembeni, chini ya usawa wa kiuno. Taa ya juu inaifuta mifereji yote.

Na jiandae: haitapita wiki kabla mtu hajaweka kitu juu ya ngata. Nimekuta chupa ya maji, kofia, na siku moja mkungu mzima wa ndizi uliofungwa kwa kamba, umekaa sawasawa kabisa. Vingine vyote niliviondoa. Ule mkungu niliuacha hadi jioni, mwenyewe alipokuja kuuchukua.